Treni Inakwama Kabla ya Kituo cha Tatu

12 Februari

Baba mdogo,

Shikamoo. Natumaini masikio yako hayajazidi kuwa mabaya na kwamba mama mdogo sasa anaukanyaga ule mguu wake. Sisi huku tupo, tunasukuma siku. Mdogo wangu amejifungua tena, msichana, na amenitumia picha. Kachukua pua yako yote, hakumwachia mtu kipande. Anasema atakuja kututembelea mtoto akikaza shingo. Kwa aliyetangulia alisema hivyohivyo, na mtoto huyo sasa anakimbia.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu mwezi uliopita nilikutumia ujumbe wa simu wa mistari kumi na miwili, ukanijibu "sawa." Nikakupigia, nikauliza maswali matatu, yote ukayajibu "nzuri." Mama mdogo akachukua simu akaniambia nisijisumbue, husikii kitu na unaona haya kusema, nikuandikie barua maana barua unazisoma mara mbili. Haya, ndiyo hii.

Shida yangu ni ile kompyuta uliyotufungia. Siku hizi nafanyia kazi nyumbani. Kuna ofisi inanitumia sauti za mikutano, mimi nazisikiliza na kuzigeuza maandishi. Mkutano wa saa mbili ni siku nzima ya kuchapa, maana watu hawasubiriani kuongea. Kwa hiyo nakuwa nimefungua sauti, ukurasa wa kuandikia, barua pepe za ofisi, na vitu vingine viwili vitatu. Na gemu. Mwanzoni mashine inakwenda vizuri. Baada ya nusu saa hivi, au dakika arobaini, inaanza kujivuta, halafu inakwama kabisa. Kila kitu kinaganda kama picha ukutani, kisha kinaruka mbele.

Nilikwenda kwenye duka la kompyuta. Muuzaji hakuniuliza hata swali, akasema prosesa imezeeka, nibadilishe. Alinitajia herufi na namba nyingi, nikaitikia kwa kichwa kama ninaelewa. Sasa nakuuliza wewe uliyeifunga: nibadilishe au nisibadilishe? Nimechoka, baba mdogo, na sina nguvu ya kukosea. Usinijibu "sawa."

Mwanao.


3 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, mama mdogo wako ni mwongo. Mguu wake umepona kiasi cha kunifuata hadi bandani kunikumbusha chakula. Masikio yangu yamebaki kama yalivyo, la kushoto limestaafu na la kulia linafanya kazi nusu siku. Bandani kumejaa. Nina mashine za shule saba zilizoingiwa na mchwa, na mteja mmoja aliyemwagia kibodi chai na anaapa kuwa ni jasho.

Mpongeze mdogo wako. Pua yangu ni mali ya ukoo, aitunze.

Sasa, la kwanza, usimsikilize yule muuzaji wa dukani. Ukienda kwa muuza viatu na kichwa kinakuuma atakuuzia viatu. Prosesa niliyokuwekea si ya kutupwa. Ina viini vinne, yaani ni kama wafanyakazi wanne ndani ya chumba kimoja. Kwa kuchapa na kusikiliza sauti, wawili kati yao wangekuwa wamelala. Kwa hiyo nauliza, hao wengine unawapa kazi gani? Mtu anayegeuza sauti kuwa maandishi na wakati huohuo anacheza gemu, mwanangu, mimi simwelewi. Una miaka thelathini na minne. Ofisi wakijua utawaambia nini?

Niandikie orodha ya kila kitu unachokuwa umekifungua. Kila kitu, hata kile unachoona haya kukitaja. Niandikie na gemu lenyewe ni lipi, maana kuna magemu mepesi na kuna yanayokula mashine nyama na mfupa. Weka pia ile programu ndogo ambayo jina lake nimeliandika nyuma ya karatasi hii, itakuonyesha joto la prosesa. Niambie inasoma ngapi ikianza kukwama. Ukinificha nitakisia, na mimi nikikisia huwa nakosa.

Fungua pia ubavu wa kasha, upulize vumbi. Kwa mdomo usipulize, utatema mate ndani.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Baba yako mdogo.


19 Machi

Baba mdogo,

Shikamoo. Vumbi nimelipuliza. Lilitoka la kutosha kupanda mchicha, na mashine imebaki vilevile.

"Wote hapo nyumbani" wamepata salamu. Wote hapo nyumbani ni mimi na baba, labda umesahau hesabu.

Umetaka orodha, na umetaka nisifiche. Mwanzo sikutaja kwa sababu nilijua nikilitaja jina lake utachukua miezi miwili kunijibu. Haya.

Kitu cha kwanza ni sauti za mikutano. Cha pili, ukurasa wa kuandikia. Cha tatu, barua pepe. Cha nne, dirisha la kamera. Nimefunga kamera ndogo sebuleni inayoonyesha kiti cha baba na mlango wa kutokea, na dirisha lake linakaa kwenye kona ya kioo changu muda wote. Cha tano ni gemu, na anayelicheza si mimi. Ni kaka yako.

Ni gemu la kuendesha treni. Niliona tangazo lake nikanunua kwa kujaribu tu, maana alikuwa amefika mahali pa kuamka alfajiri na kuvaa shati la kazi, kisha ananililia kwamba amechelewa zamu. Miaka thelathini na mmoja ya kuendesha treni haikutoka kichwani, baba mdogo. Mengine yametoka. Jina la mama limetoka, langu linakuja na kuondoka, lakini umwekee reli mbele yake anajua apunguze mwendo wapi kabla hata ubao haujaonekana. Nilivuta waya mrefu kupitia ukumbini, nikamwekea kioo cha pili sebuleni pamoja na kile kishikio cha kuchezea. Anakaa, anaondoa treni kituoni, anatangaza. Kwa saa mbili au tatu anakuwa baba yangu. Mimi ndani nachapa.

Siwezi kukaa naye chumba kimoja nikifanya kazi. Akiniona kwenye kibodi anadhani mimi ni karani wa stesheni na anataka orodha ya abiria.

Sasa treni inakwama kabla ya kituo cha tatu. Daima pale, kwenye mteremko, dakika ya arobaini. Kwa wewe na mimi ni gemu limeganda. Kwake yeye ni breki zimekataa na nyuma kuna mabehewa kumi na moja ya watu. Mara ya mwisho nilimshika mikono hadi ikatulia na bado alikuwa ananiuliza wamekufa wangapi.

Joto ni tisini na saba.

Kwa hiyo mjibu karani wa stesheni: abadilishe prosesa au asibadilishe?

Mwanao.


27 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa. Kulikuwa na kazi ya zile mashine za shule, kisha mama mdogo wako alipata homa, kisha mvua iliingia bandani. Sasa tupo salama.

Kuhusu swali lako. Gemu la treni ni zito kuliko watu wanavyodhani, maana linachora miti na nyumba kila sekunde. Kamera nayo inakula. Kwa viini vinne, kazi zote hizo kwa pamoja ni nyingi, na joto la tisini na saba si la kawaida, ni la mashine iliyokula chumvi nyingi. Feni huenda imechoka. Kwenye mipangilio ya gemu punguza ubora wa picha, punguza umbali wa kuona, ondoa vivuli. Abiria nao waondoe. Abiria wanakula sana.

Nimekutumia kifurushi kwa posta. Ndani kuna prosesa ya viini sita iliyotoka kwenye mashine ya ofisi moja iliyofungwa. Nimeipima siku nne, haina tatizo, na inakaa kwenye bodi hiyohiyo yako. Kwa hiyo jibu ni badilisha. Mtafute fundi wa hapo jirani akuwekee, ni kazi ya nusu saa.

Kaka apumzike.

Baba yako mdogo.


8 Juni

Baba mdogo,

Shikamoo.

Kifurushi kimefika, asante. Abiria nimewaondoa. Alifika kituo cha kwanza, akafungua milango, akakuta jukwaa tupu, akanigeukia na kuniuliza kama kuna vita. Nimewarudisha.

Nataka kukueleza ya Jumanne, halafu uamue mwenyewe.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilikuwa na mkutano wa watu tisa masikioni. Kwenye kona ya kioo nilikuwa namwona baba kwenye kiti chake, ametulia, mkono kwenye kishikio. Nikawa naandika. Nikatupa jicho tena, bado yupo, mkono palepale. Nikaandika ukurasa mzima. Nikatupa jicho mara ya tatu, nikaona pazia nyuma yake limesimama limejaa upepo, na pazia halisimami hivyo. Mashine ilikuwa imeganda, na kamera imeganda nayo. Nilikuwa naangalia picha ya baba.

Sebuleni hapakuwa na mtu. Mlango wazi. Ndala moja ukumbini.

Nilimkuta kwenye njia panda, mbele ya duka la mitungi ya gesi, amesimama katikati ya barabara na mkono juu, anazuia magari. Alikuwa anawaambia madereva kwamba treni imepoteza breki na inashuka, wasubiri ipite. Mama muuza gesi alikuwa amesimama pembeni yake na yeye amenyoosha mkono, anazuia upande wa pili. Mungu ambariki yule mama. Hakumbishia. Magari yalikuwa yamejipanga mpaka kwenye kona. Lori moja lilikuwa limesimama hatua mbili kutoka alipokuwa, na dereva wake alikuwa ameshuka amekaa chini kwenye lami, ameshika kichwa.

Nilimwambia, "Baba, imepita, abiria wote wazima." Akanifuata nyumbani mguu mmoja peku.

Sasa nakuambia la moyoni. Sikukuandikia kwa ajili ya prosesa. Au niseme nilikuandikia kwa ajili ya prosesa nikitumaini utasema haiwezi kufungwa na mtu mwingine isipokuwa wewe. Miaka minne hujaikanyaga nyumba hii. Ulikuja siku moja, ukafunga kompyuta, mimi nikatoka kwenda kuchukua dawa, niliporudi nikakuta mashine inawaka na kikaratasi kimeandikwa "iko tayari," na wewe hupo. Hata maji hukunisubiri nikupe. Huyu ni mtu aliyekulea wewe kabla ya kunilea mimi. Mimi simwombi mtu aniondolee mzigo. Nataka mtu akae kwenye kile kiti cha pili kando ya baba wiki moja nilale mchana bila kusikilizia mlango.

Njoo uifunge mwenyewe hiyo prosesa yako. Fundi wa jirani simtaki.

Mwanao.


21 Juni

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma.

Kuja siwezi kwa sasa. Bandani nipo peke yangu, magoti yananisumbua kwenye safari ndefu, na kwa masikio haya ningekuwa mgonjwa wa pili wa kukuhangaisha. Usidhani ni dharau. Sitasema zaidi ya hapo.

Lakini mashine haiwezi kusubiri, kwa hiyo nimekuandikia namna ya kufanya. Kazi hii unaiweza, mikono yako ilikuwa mitulivu tangu mdogo.

Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Shika bomba la maji au chuma chochote kabla ya kugusa ndani. Fungua ubavu wa kasha. Utaona feni katikati, imekalia kipande cha chuma chenye mapezi mengi, na prosesa iko chini ya chuma hicho. Chuma kimeshikwa na skrubu nne. Legeza moja kidogo, kisha iliyo mkabala wake kwa mshazari, kidogo kidogo, usimalize moja kabla ya nyingine. Mimi nikifika hapo huwa natoa ulimi nje, wewe si lazima. Chuma kikigoma usivute kwa nguvu, kizungushe taratibu kulia na kushoto mpaka kiachie. Chini yake utakuta uji wa kijivu uliokauka, ndio unaopitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye chuma. Ufute kwa kitambaa na spiriti. Kisha inua kile kikono kidogo pembeni, toa prosesa ya zamani, weka mpya, pembe yenye alama ya dhahabu ilingane na alama ya bodi. Weka uji mpya kutoka kwenye bomba nililoliweka kwenye kifurushi, kiasi cha punje ya mchele. Rudisha chuma.

Ukiona kitu ambacho sikukitaja, usikiguse. Niandikie kwanza.

Yule mama wa mitungi ya gesi, mshukuru kwa niaba yangu.

Baba yako mdogo.


14 Julai

Baba mdogo,

Shikamoo. Mama mdogo amenitumia ujumbe kwamba huli vizuri. Kula. Sikuandika barua ile ukae na njaa, niliandika kwa sababu maji yalikuwa yamenifika shingoni.

Kazi niliifanya Jumamosi, mezani sebuleni, mchana, baba akiwa amekaa mbele yangu na mikono yake magotini kama mkaguzi. Nilifuata maneno yako moja baada ya jingine. Skrubu zilitoka. Chuma hakikugoma hata kidogo, kiliachia kama kifuniko cha sufuria. Nikakigeuza nifute ule uji wa kijivu.

Hapakuwa na uji wa kijivu kwenye chuma, baba mdogo. Palikuwa na kipande cha nailoni, kimebanduka kwenye kona moja, kimekuwa cha kahawia kwa kuungua. Kimeandikwa kwa herufi nyekundu ambazo bado zinasomeka: ONDOA KABLA YA KUFUNGA. Uji wote ulikuwa upande wa pili wa nailoni, juu ya prosesa, umekuwa unga.

Ulisema nikiona kitu ambacho hukukitaja nisikiguse. Nilikaa nacho kama robo saa. Kisha nikakibandua, maana nilijua barua ingechukua wiki tatu. Nimekitia ndani ya bahasha hii, usikitupe kabla hujakiangalia.

Sikubadilisha prosesa. Nilifuta ileile ya zamani, nikaweka uji mpya, nikarudisha chuma. Niliwaza, ngoja nione kwanza kama ilikuwa mgonjwa au ilikuwa imefunikwa blanketi. Tukawasha. Nikafungua kila kitu: sauti, ukurasa, barua pepe, kamera. Baba akaondoa treni. Joto lilipanda hadi sitini na moja likasimama hapo. Dakika ya arobaini nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika fremu. Treni ikashuka mteremko, ikaingia kituo cha tatu, akafungua milango, watu wakashuka. Akaenda cha nne. Akaenda mpaka mwisho wa njia, mahali ambapo hajawahi kufika tangu tulinunue lile gemu. Akazima injini, akavua miwani, akasema, "Tumefika kwa wakati." Kisha akalala palepale kitini, na mimi nikalala kwenye kiti cha pili, saa nane mchana, mdomo wazi, saa mbili nzima. Sauti za mkutano nilizimaliza siku iliyofuata na hakuna aliyekufa.

Kwa hiyo prosesa yako ya viini sita iko kabatini. Jibu la swali langu la Februari lilikuwa nisibadilishe.

Sasa kuna jambo la pili, na hili ndilo lililonifanya niandike leo badala ya Jumapili.

Wakati nimeinama na skrubu, baba alisema, "Mbona unahangaika wewe? Mwite yule fundi aliyeifunga."

Nikamuuliza fundi gani.

Akasema, "Yule aliyekuja hapa. Nilimkosea adabu. Nilimwambia amalize aende zake, hata maji ya kunywa hakupewa. Mtu mpole. Alikuwa anakaza skrubu ulimi uko nje." Akacheka kidogo. "Mdogo wangu naye anatoa ulimi hivyohivyo akifunga kamba za viatu. Nimemsema mpaka nimechoka."

Kisha akaniuliza kama shule zimefungwa, maana huyo mdogo wake amekawia kurudi.

Katika nyumba hii hajawahi kuja fundi mwingine wa kompyuta, baba mdogo. Nilikuwa duka la dawa siku ile. Sikujua. Miaka minne nimekulaumu kwa watu, nimekulaumu kwa mdogo wangu, nimekulaumu nikiosha vyombo. Ungeniambia.

Sitakuomba tena uje. Nilitaka ujue tu kwamba anamkumbuka fundi.

Mwanao.


22 Julai

Mwanangu,

Marahaba, na nimekula.

Ile nailoni nimeibandika ukutani bandani, mbele ya meza yangu, mahali nilipokuwa nimetundika cheti. Mteja wa chai ameniuliza ni nini. Nimemwambia ni kazi yangu bora.

Kosa lile hata mwanafunzi wa wiki mbili halifanyi. Ni kitu cha kwanza ninachowafundisha: geuza chuma, bandua nailoni, ndipo ufunge. Na wewe uliniambia mwezi wa Machi kwamba inakwenda vizuri dakika arobaini ndipo inakwama, na joto tisini na saba. Nilipaswa kujua papo hapo. Badala yake nikakuambia feni imechoka, nikakufukuzisha abiria. Sikutaka kuirudia siku ile kichwani, kwa hiyo sikuirudia, na wewe ukakaa miaka minne na mashine inayoungua, na mzee akaenda kusimama mbele ya lori. Hilo nitakaa nalo mpaka nizeeke zaidi ya hapa. Nisamehe.

Nitakuandikia kilichotokea mara moja tu, usiniulize tena.

Ulipotoka nilikuwa nimeshika chuma mkononi, nimekwisha kuweka uji. Kaka akatoka kuoga, na taulo begani, akasimama akaniangalia. Nikamwambia, "Shikamoo kaka." Hakuitikia. Nikadhani ananitania, unajua alivyokuwa. Nikacheka. Akasema, "Fundi, ukimaliza nenda zako, ufunge na mlango. Mdogo wangu anarudi leo kutoka shule, sipendi akute wageni."

Mwanangu, aliniambia mimi. Alikuwa ananingoja na mimi nimesimama mbele yake. Ningesema "kaka, ni mimi," angeangalia mzee mwenye mvi anayejiita mdogo wake, na nani ajuaye angeogopa kiasi gani. Au asingeogopa, angenikatalia tu. Sikuwa na moyo wa kukataliwa na yeye. Kwa hiyo nikasema, "Sawa." Nikafunga skrubu nne, mikono haikuwa yangu, nikaandika kile kikaratasi, nikaondoka. Nimekuwa nikijibu watu "sawa" tangu siku hiyo, mama mdogo wako aliligundua kabla yangu.

Nilidhani nikikaa mbali, angalau mahali fulani kichwani mwake mdogo wake bado yuko njiani anarudi. Nilijiambia hiyo ni huruma kwake. Ilikuwa woga wangu, nimeupa jina zuri.

Bandani nimefunga. Nimeweka tangazo mlangoni la wiki tatu. Nafika tarehe thelathini, mchana. Magoti yatavumilia. Niandalie mkeka popote, mradi niwe karibu na kile kiti cha pili, na wewe siku ya kwanza yote sitaki kukuona, lala.

Usimwambie kwamba mdogo wake anakuja, asije akakaa dirishani kumtafuta mtoto wa shule. Mwambie yule fundi anarudi kuangalia kazi yake. Maji ya kunywa nitaomba mwenyewe.

Baba yako mdogo.